Mashine ya kunolea visu ya jiwe la maji: linyooshe jiwe kwanza, ndipo uihukumu

Kama nyumbani kwako kuna visu viwili vya jikoni na panga la kufyekea, mashine hii si yako. Nunua kinoo kizuri chenye pande mbili, jifunze kukitumia, na hela inayobaki ifanyie jambo lingine. Lakini kama unauza nyama, una jiko la hoteli, unatoa minofu ya samaki pale Feri, au wewe ni fundi cherehani na mikasi yako imeanza kutafuna kitambaa badala ya kukikata, basi soma mpaka mwisho. Mimi nina bucha Tabata, Dar es Salaam. Nimeitumia mashine hii kwa visu vyangu, vya majirani na vya wachinjaji. Ninaikubali. Ila niseme mapema: inavyotoka kwenye boksi haifai kazi, na wengi wanaoiponda wanaiponda katika hali hiyo.

Mashine ninayoizungumzia ni ile yenye jiwe la kipenyo cha milimita 200 na unene wa milimita 40, upande wa pili ina gurudumu la ngozi, katikati mota ya wati 120. Jiwe linazunguka mara 120 kwa dakika huku sehemu yake ya chini imezama kwenye beseni la maji. Imetoka China, na huuzwa kwa majina mbalimbali wakati ndani ni kitu kilekile, ndiyo maana sioni faida ya kutaja jina lililobandikwa kwenye yangu. Umbo lenyewe wameliiga kwa Tormek ya Sweden, kampuni aliyoianzisha Torgny Jansson mwaka 1973. Tormek T-4 ina jiwe la kipenyo hichohicho, wati zilezile na mzunguko uleule, lakini bei yake ni mara kadhaa ya hii. Mimi nilitoa laki nne, na kwa mwenye bucha la kawaida hapo ndipo mfuko unapofika.

Nianze na maji, kwa sababu watu huniuliza kwa nini nisitumie grinda tu kama wengine.

Buchani kisu hakimalizwi na nyama, kinamalizwa na kunolewa vibaya. Kijana anapita na grinda, anachukua kisu chako cha Tramontina, cheche zinaruka, anakurudishia kikiwa kinanyoa nywele za mkono. Umeridhika, umemlipa. Kesho yake kabla hujamaliza paja moja la ng'ombe kisu kimelala. Unamwita tena, anakula chuma tena, na baada ya muda kisu kilichokuwa na upana wa vidole vitatu kimebaki kama cha kumenyea vitunguu. Kiangalie ukingoni baada ya grinda: utaona madoa ya kahawia, pengine na bluu. Hapo chuma kimeungua. Kiwandani kisu hupashwa moto mkali, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo la karibu nyuzijoto 200 ili kiwe kigumu bila kuvunjika. Ukingo ukipita joto lile, ugumu unashuka. Chuma cha kawaida kikionyesha bluu kimeshafika karibu nyuzijoto 300. Na ukingo wenyewe ni mwembamba mno, hauna pa kulipeleka joto hilo.

Piga hesabu uone. Diski ya grinda ndogo ya milimita 115 huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, maana yake uso wake unapita kwenye kisu zaidi ya mita 60 kila sekunde. Jiwe langu linapita mita moja na robo tu kwa sekunde, tena likiwa linatiririka maji. Unaweza kuweka kidole kwenye bapa la kisu karibu kabisa na jiwe ukanoa mpaka mkono uchoke, husikii joto lolote. Kinachoondoka ni chuma kidogo, na kinachobaki bado kina ugumu aliokipa fundi wa kiwandani. Hiyo ndiyo faida ya mashine hii, mengine yote ni nyongeza. Wale wanoaji wa baiskeli wanaopita mitaani wakikanyaga pedeli siwaweki kundi moja na grinda. Jiwe lao linakwenda polepole, na mwenye mkono mzuri kati yao anafanya kazi safi.

Sasa boksi. Ndani utakuta mashine, jiwe, gurudumu la ngozi, beseni la plastiki, bomba la kuegemezea, kishikio kimoja cha visu, kipima pembe cha plastiki na kityubu cha dawa ya kung'arishia. Hukuti kifaa cha kunyooshea jiwe, na hicho ndicho ulichokihitaji kuliko vyote.

Kabla ya kufunga chochote, ling'inize jiwe kwenye kidole likiwa kavu, uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima linalia. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa, na la namna hiyo lirudishe dukani siku hiyohiyo. Paka grisi kwenye shafti, si nyingi, safu nyembamba tu. Shafti za mashine hizi za bei nafuu si za chuma kisichoshika kutu, na usipopaka grisi, siku ukitaka kulitoa jiwe utalikuta limegandana na shafti, na ukiligonga kwa nyundo unalipasua. Nati ifunge kwa mkono mpaka ishike, ongeza robo mzunguko, basi.

Meza iwe nzito na isiyotikisika, kimo chake kiishie chini kidogo ya kiuno. Weka sinia pana chini ya mashine, kwa sababu maji yatamwagika tu, hata ufanyeje. Waya wa umeme uache uning'inie chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiufuata lidondoke sakafuni lisiingie kwenye plagi. Kwenye bucha ambako sakafu imelowa kutwa nzima, jambo hili usilichukulie wepesi. Soketi iwe na waya wa ethi kweli, si tundu la tatu lisilounganishwa na kitu.

Halafu unatia maji, unawasha, na beseni linakauka mbele ya macho yako. Halivuji. Jiwe lina matundu madogo madogo na linakunywa maji mpaka lishibe, ongeza tu. Likishashiba, maji yanatulia na uso wa jiwe unang'aa kwa unyevu muda wote.

Hapo ndipo watu wanaweka kisu na kukiona kinarukaruka. Na hapo ndipo wanapoanza kuitukana mashine.

Jiwe jipya la mashine ya bei nafuu mara nyingi si duara kamili. Lina nundu. Tofauti inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba jicho halioni, lakini mkono unaisikia na ukingo wa kisu unaichukua yote. Namna ya kuiona ni rahisi. Kabla hujatia maji, washa mashine, shika makapeni, egemeza mkono wako imara kwenye bomba la kuegemezea, sogeza ncha taratibu mpaka iguse jiwe kidogo tu. Zima. Wino ukiwa umezunguka jiwe lote, una bahati. Ukiwa umeshika upande mmoja tu, pale ulipo wino ndipo penye nundu. Rudia kwenye ubavu wa jiwe: ukiona limepakwa upande mmoja, jiwe linayumba kulia na kushoto. Kuyumba kunatokana zaidi na kile kibushi cha plastiki katikati ya jiwe. Legeza nati, geuza jiwe robo mzunguko juu ya shafti, funga, pima tena. Utapata mkao mmoja ambao kuyumba kumepungua. Fanya hivyo kabla ya kunyoosha, kwa sababu ukiligeuza jiwe baadaye, kazi yote ya kunyoosha imepotea.

Kunyoosha kunataka almasi. Tormek wana kifaa chao, TT-50, kinachovaa kwenye bomba na kusukumwa kwa skrubu. Mimi nilikwenda mtaa wa Gerezani, hapahapa Dar es Salaam, nikanunua kalamu ya almasi wanayotumia mafundi wa karakana kunyooshea mawe ya grinda za mezani, kisha fundi wa kuchomelea akanitengenezea kipande cha chuma chenye tundu la milimita 12 la kuteleza juu ya bomba, na boliti pembeni ya kuibana kalamu. Hakuna ufundi mkubwa hapo, ila kipande kisiwe na uchezaji wowote juu ya bomba.

Jiwe likiwa limelowa na linazunguka, sogeza kalamu mpaka iguse. Unasikia tik, kimya, tik, kimya. Hiyo ni nundu inapita. Telezesha kalamu kutoka ukingo mmoja wa jiwe hadi mwingine, polepole, bila kusimama katikati, kwa sababu ukisimama unachimba mfereji. Rudi. Kisha songeza kidogo, unene wa karatasi, upite tena. Maji yanageuka kuwa kama uji wa kijivu. Tik zinaanza kurefuka, kimya kinafupika, mpaka sauti inakuwa moja tu, mchakacho mwembamba usiokatika. Ukifika hapo acha. Usiongeze hata unene wa unywele, kwa sababu kila unachokiondoa ni jiwe ulilolinunua. Mwaga uji ule, osha beseni, tia maji mapya. Sasa weka kisu. Utafikiri umebadilishiwa mashine.

Kunyoosha si kazi ya siku ya kwanza pekee. Kila ukianza kusikia kisu kinagonga badala ya kuteleza, au ukiona katikati ya jiwe pameingia ndani kwa sababu ya visu vyembamba, rudia. Ili usirudie mara kwa mara, tembeza kisu kwenye upana wote wa jiwe, usiking'ang'anize katikati.

Kuna tatizo lingine linalofanana na hili lakini si hili: jiwe zima, la duara, lakini halili chuma. Kisu kinateleza tu. Angalia maji. Jiwe linalofanya kazi linachafua maji kwa unga wa chuma; maji yakibaki meupe wakati unanoa, uso wa jiwe umeziba. Chukua jiwe dogo la kurekebishia, lenye upande mmoja wa chengachenga na mwingine laini, ulisugue jiwe la mashine kwa ule upande wa chengachenga, mashine ikiwa inazunguka, ukikandamiza kwa nguvu. Linafunguka, linakula tena. Na ukimaliza kutengeneza umbo la makali, geuza ule upande laini, kandamiza tena: jiwe ambalo chenga zake ni za namba 220 linaziba kiasi na kufanya kazi ya jiwe laini la karibu namba 1000. Jiwe moja linafanya kazi mbili. Kwa visu vya bucha mimi mara nyingi sihangaiki na hatua hii ya pili. Ukingo wenye ukwaru kidogo unashika mafuta na utando mweupe wa nyama vizuri zaidi kuliko uliolainishwa kabisa. Kwa kisu cha minofu ya samaki, lainisha.

Pembe. Hapa ndipo mashine inaposhinda mkono wa mtu yeyote, na hapa ndipo kishikio kilichokuja nayo kinapoaibisha. Kishikio kinabana mgongo wa kisu, unakilaza juu ya bomba, na umbali kati ya bomba na jiwe ndio unaoamua pembe. Ukishaweka, pembe haibadiliki kutoka kwenye kisigino cha kisu hadi nchani. Kisu cha kuchunia na cha minofu mimi nakipa digrii 15 kila upande. Kisu cha kukatia nyama mezani digrii 20. Panga linalogusa mfupa digrii 25 au 30, kwa sababu makali membamba kwenye mfupa yanamomonyoka asubuhi tu.

Kipima pembe cha plastiki nimekiacha kwenye droo. Jiwe linapungua kipenyo kila unapolinyoosha, na kipimo kilichochorwa kwa jiwe la milimita 200 kinaanza kukudanganya. Makapeni tena ndiyo dawa. Paka wino kwenye mteremko wa makali, laza kisu kwenye bomba, zungusha jiwe kwa mkono kidogo, tazama. Wino ukifutika juu tu, karibu na bapa, pembe ni ndogo mno. Ukifutika kwenye ncha kabisa ya makali, pembe ni kubwa. Ukifutika mteremko wote, umepata pembe ileile ya kisu, na utanoa haraka bila kupoteza chuma.

Tatizo la kishikio ni kwamba hakikiweki kisu katikati. Kisu chenye bapa nene kinasukumwa upande mmoja, ukigeuza unanoa kwa pembe tofauti, na mwisho mteremko wa kulia unakuwa mpana na wa kushoto mwembamba. Skrubu zake nazo ni za chuma laini, zinaliwa nyuzi. Habari njema ni kwamba bomba la mashine yangu lina kipenyo cha milimita 12 sawa na la Tormek, kwa hiyo vishikio vya Tormek vinaingia. KJ-45 yao inakibana kisu kutoka pande zote mbili kwa pamoja na kukiweka katikati yenyewe. Kinauzwa peke yake, ni ghali ukilinganisha na mashine yenyewe, lakini kama una hela ya kuongeza kitu kimoja tu baada ya almasi, ongeza hicho. Kabla hujalipia, pima bomba lako, maana si mashine zote za namna hii zina kipenyo hicho.

Nielezee mpito mmoja wa kisu, kwa sababu hauelezeki kwa juu juu. Jiwe linazunguka kuja kwako, makali yanalielekea. Laza kisu, kigusishe jiwe karibu na mpini, kandamiza kwa kidole kimoja juu ya bapa mahali panapogusana na jiwe. Tazama maji. Mwanzoni yanagonga makali na kupita chini ya kisu. Makali yakianza kukutana na jiwe sawasawa, maji yanapanda juu ya bapa kama pazia jembamba, na pazia hilo linakuonyesha: pakiwa na sehemu ambayo maji hayapandi, hapo makali hayajagusa. Vuta kisu kwako taratibu. Ukikaribia ncha, inua mpini kidogo kufuata mviringo wa kisu, na simama kabla ncha haijatoka nje ya jiwe. Ukiiacha itoke, ncha inaliwa, na kisu cha kuchunia kisicho na ncha ni nusu ya kisu. Pitisha kidole upande wa pili kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kinyume: utasikia ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja unashika ngozi. Ukiusikia kuanzia kisigino hadi ncha, upande huo umeisha. Geuza.

Ule mkunjo unaondolewa na gurudumu la ngozi. Kwanza lainisha ngozi kwa mafuta mepesi ya mashine, matone machache ukizungusha kwa mkono, kisha paka dawa ya kung'arishia. Ngozi kavu haishiki dawa. Inarushwa yote ukutani. Hapa kuna hatari ambayo kitabu cha maelekezo kinaitaja kwa mstari mmoja: kwenye ngozi, makali lazima yaelekee kule ambako gurudumu linakimbilia, ili ngozi ikutane na mgongo wa kisu kwanza. Makali yakilikabili gurudumu linakotokea, kisu kinazama kwenye ngozi na kurushwa. Kwa kijana ninayemfundisha kazi hii ninamsimamisha upande sahihi wa mashine kwanza ndipo ninamwachia swichi.

Umeme. Ndani ya mashine hakuna gia wala mkanda. Shafti nyembamba ya mota inagandamizwa kwenye gurudumu lenye raba, na hilo ndilo linalozungusha jiwe. Ukikandamiza kisu jiwe likasimama huku mota inaendelea kuunguruma, raba inateleza. Mara nyingi ni maji au mafuta ya ngozi yamefika pale. Chomoa plagi, fungua, futa raba na shafti kwa kitambaa chenye spiriti, rudisha. Usipake kitu chochote cha kuifanya inate.

Lakini jioni mtaani umeme unaposhuka, hadithi ni nyingine. Unawasha, mota inanguruma, jiwe haliendi. Nguvu ya mota ya aina hii kuanza kuzunguka inafuata mraba wa voteji: umeme ukishuka kutoka voti 230 hadi 180, karibu asilimia 40 ya nguvu hiyo imeondoka. Zima mara moja, kwa sababu mota iliyosimama na umeme ndani inaungua. Noa asubuhi, au weka stabilaiza. Kama umeme ni mzuri na bado inanguruma, na ukilisaidia jiwe kwa mkono linaanza, kapasita imechoka. Fundi wa mota anaibadilisha kwa bei ndogo.

Soma pia kibati kilichobandikwa ubavuni. Changu kimeandikwa S2 30 min. Maana yake mota imetengenezwa kufanya kazi dakika 30 kisha ipumzishwe ipoe kabisa. Wanaouza hawalisemi hili. Anayetaka mashine ya kunoa kutwa nzima kama biashara atafute iliyoandikwa S1, inayoruhusu kazi mfululizo. Kwa bucha langu dakika 30 zinatosha visu vyote vya meza, na wakati inapoa ninakata nyama.

Watu wa pwani, angalieni maji mnayotia. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi kwenye shafti, nati na visu vilivyolowa inaleta kutu usiku mmoja. Natumia maji ya mvua niliyokinga, au ya bomba yakiwepo. Na kazi ikiisha, mwaga maji. Beseni likiachwa limejaa, upande mmoja wa jiwe unalala ndani ya maji, unakuwa mzito kuliko mwingine, na ukiwasha kesho yake jiwe linavuta vibaya. Uji wa chuma usiumwage kwenye sinki. Unaganda kwenye bomba. Weka sumaku ya spika iliyokufa chini ya beseni kwa nje, unga wa chuma unakusanyika hapo na maji yanabaki safi muda mrefu zaidi.

Mikasi inawezekana, ila inataka kishikio chake na moyo wa subira. Mama mmoja fundi cherehani jirani yangu aliniletea mkasi wake mkubwa, nikamwamkia, akaitikia, kisha akauweka mezani bila kuuachia. "Mwanangu, huu nimeshonea sare za shule tangu hujafungua bucha. Ndani usiguse." Alijua anachokisema. Upande wa ndani, pale mapanga mawili yanaposuguana, haunolewi kabisa; unanoa mteremko wa nje tu, kwa pembe kubwa, karibu digrii 60 kwa mikasi mingi ya nguo, na mkunjo unaobaki ndani unaupitishia kinoo laini kilicholala flati mara chache. Aliujaribu kwenye kipande cha satini chenye maji maji, kitambaa kinachokimbia mkasi butu. Ulikata hadi nchani bila kuvuta. Sasa analeta na ya wenzake.

Na kila Idd el-Hajj inapokaribia, wachinjaji wanapanga foleni. Dini yetu inamtaka mchinjaji anoe kisu chake vizuri ili ampumzishe mnyama, na hakuna kazi ya mashine hii ninayoifanya kwa uangalifu kuliko hiyo. Kisu cha kuchinjia nakipa digrii 18, nakipitisha kwenye jiwe lililolainishwa, kisha ngozi mpaka mkunjo uishe kabisa, na nakijaribu kwa karatasi ya gazeti kuanzia kisigino hadi ncha. Kikinasa popote, hata kidogo, kinarudi kwenye jiwe.

Kwa hiyo alama zangu. Mota na mwili wa mashine, vizuri kwa bei yake. Jiwe, zuri sana likishanyooshwa. Ngozi inafaa. Kishikio na kipima pembe, vibaya. Kutokuweka kifaa cha kunyooshea jiwe ndani ya boksi ni kumdhulumu mnunuzi, na ninaona hata bei ingepanda kidogo wangekiweka. Hesabu laki nne za mashine, ongeza kalamu ya almasi, kipande cha kuchomelea na jiwe dogo la kurekebishia, hapo ndipo ilipo bei yake halisi.

Ukienda dukani, nenda na makapeni. Mwambie muuzaji alifunge jiwe kwenye mashine na aiwashe mbele yako kabla hujalipa, pima duara na ubavu kama nilivyoeleza, sikiliza mota ikiwa imekandamizwa kipande cha mbao kwenye jiwe, soma kibati, hakikisha imeandikwa voti 220 hadi 240 na hezi 50, kwa sababu zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani za voti 110 zinazoingia nchini ndani ya makontena ya mtumba. Muulize kama jiwe la akiba lipo, na ulione kwa macho. Nundu ndogo ivumilie, utainyoosha mwenyewe. Jiwe lenye sauti iliyokufa au mota inayonuka kuungua, muachie.